Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Maabara ya Oili Iliyotumika kwenye Gari Lenye Turbo

Kila anayeniletea karatasi ya maabara, awe dereva wa utalii wa hapa Arusha au mwalimu wa Moshi aliyenunua Forester yake ya kwanza, huanza na swali lile lile: "Kaka, chuma kimesoma 38, injini imekwisha?" Nami hulazimika kumuuliza mambo matatu kabla ya kumpa jibu lolote: oili hiyo imetembea kilomita ngapi, ameongeza lita ngapi katikati, na ripoti iliyotangulia ilisomaje. Chuma cha 38 baada ya kilomita 10,000 kinaweza kuwa habari njema, ilhali chuma hicho hicho baada ya kilomita 3,000 kinatosha kukufanya ufungue boneti jioni hiyo hiyo. Nimeandika mwongozo huu ili mwenye gari aweze kuisoma karatasi yake mwenyewe na kujua namba ipi aishughulikie leo, ipi aifuatilie, na ipi haina neno.

Injini yenye turbo inahitaji uangalizi huu kuliko isiyo nayo, kwa sababu oili yake, mbali na kulainisha pistoni na krenki, ndiyo inayobeba beringi za turbo, ambamo mhimili mwembamba huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huku upande wake mmoja ukipigwa na moshi wa moto wa ekzosi. Isitoshe, Arusha ipo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kutoa msukumo ule ule ambao gari lingeupata Tanga. Nadharia inatosha hapo.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Chupa safi na kavu ya mililita 100 hivi, ikiwezekana ile inayotolewa na maabara yenyewe, yenye kifuniko kinachobana. Chupa ya maji ya kunywa iliyosuuzwa nyumbani haifai, kwa sababu tone moja lililobaki ndani litaonekana kwenye ripoti kama maji yaliyotoka kwenye injini.
- Chupa ya pili yenye oili mpya, iliyochotwa kwenye galoni lile lile ulilotumia. Gharama yake utailipa mara moja tu kwa kila aina ya oili, na bila kipimo hicho utakuwa unabahatisha sehemu kubwa ya ripoti.
- Daftari lenye kumbukumbu: kilomita za gari siku oili ilipowekwa, kilomita za leo, lita zilizoongezwa, tarehe ya kubadilisha filta ya hewa, na matengenezo yoyote yaliyofanyika tangu hapo.
- Jeki, stendi mbili imara, glovu, beseni safi na spana ya bolti ya kumwagia oili. Au pampu ndogo ya kunyonya oili kupitia tundu la dipstiki, pamoja na mpira mpya.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.

Kuhusu maabara, ulizia kwanza kwa wakala wa mitambo mizito na kwa wasambazaji wakubwa wa oili, kwa kuwa oili za magreda na majenereta hupimwa kila mara na huenda wakakubali kupokea chupa yako pamoja na zao. Kabla hujalipa, hakikisha ripoti itajumuisha metali, mnato (uzito wa oili inapotiririka) kwa nyuzi 100, kiwango cha mafuta (petroli au dizeli) yaliyoingia kwenye oili, maji, na TBN, yaani akiba ya nguvu ya oili ya kuzima asidi. Kipimo cha metali peke yake ni nusu ya kazi.

Hatua ya 1: Chukua sampuli oili ikiwa ya moto

Endesha gari kwa dakika 20 au zaidi, kwa mfano kutoka mjini hadi Usa River, ili chembe zilizotulia chini zichanganyike na oili yote. Zima injini, subiri dakika chache, kisha fungua bolti. Acha oili ya mwanzo imwagike kwenye beseni, kwa kuwa hiyo hubeba tope lililolala chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, halafu weka chupa chini ya mkondo wa katikati na uijaze hadi robo tatu. Ukitumia pampu, pima mpira kwa kuulinganisha na dipstiki ili ncha yake iishie katikati ya oili, isifike sakafuni.

Makosa yanayoharibu sampuli ni machache na hujirudia: kuchota oili ya jana kutoka kwenye beseni la gereji, kukamua filta ya zamani ili kujaza chupa, na kuongeza lita moja mpya asubuhi kisha kuchukua sampuli mchana. Ukiwa umefanya mojawapo ya haya, usitume. Subiri oili ijayo.

Tahadhari: usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Oili ya moto huunguza, na oili iliyotumika hudhuru ngozi ikiguswa mara kwa mara, hivyo vaa glovu. Iliyobaki usiimwage kwenye mtaro, na kwa ndugu zetu wa upande wa Kilimanjaro, usiimwage karibu na mfongo (mfereji wa kumwagilia), maana maji hayo yanakwenda kwenye kihamba, shamba la nyumbani, cha mwenzako.

Hatua ya 2: Andika fomu yote

Andika aina ya injini, jina na daraja la oili, kilomita za oili, kilomita za gari, lita ulizoongeza na tarehe. Fomu tupu hurudisha ripoti iliyolinganishwa na wastani wa magari yasiyofanana na lako, na rangi ya onyo, nyekundu au ya njano, utakayoiona haitakuwa na maana.

Hatua ya 3: Tenganisha viungo vya oili na metali za msuguano

Ripoti ikifika, weka karatasi mbili pamoja, ya oili mpya na ya oili iliyotumika. Kalisi, magnesiamu, zinki, fosforasi, molibdenamu na boroni huwekwa na kiwanda kwa makusudi kama viungo vya kusafisha na kulinda. Zaidi ya mara moja nimemkuta mtu amekosa usingizi kwa sababu zinki ilisoma 900, kumbe oili yake mpya nayo ilikuwa na zinki 900. Hata silikoni ya namba ndogo huwa tayari imo katika oili nyingi mpya, kwa kuwa hutumika kuzuia povu, na baadhi ya oili huwekwa sodiamu pia. Kwa hiyo, toa namba ya oili mpya kutoka kwenye namba ya oili iliyotumika kabla ya kufikiria lolote.

Hatua hii ina faida nyingine ambayo mimi naithamini sana katika soko letu lenye magaloni bandia. Ikiwa oili uliyoinunua ina molibdenamu nyingi na iliyotolewa kwenye injini haina kabisa, basi oili iliyowekwa siyo uliyoinunua. Oili huchakaa, lakini viungo vyake vya metali havitoweki vyote.

Hatua ya 4: Geuza namba ziwe kasi ya msuguano

Metali huandikwa kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Kwanza rekebisha oili uliyoongeza, kwa sababu kila lita mpya hupunguza namba bila kupunguza msuguano. Njia rahisi, inayotosha kwa matumizi yetu, ni kuzidisha namba kwa jumla ya lita zote zilizotumika, kisha kugawanya kwa ujazo wa injini. Injini ikibeba lita 4.5, ukaongeza lita 0.9, na chuma kikasoma 40, basi chuma chako halisi ni karibu 48.

Kisha gawanya kwa maelfu ya kilomita. Chuma 48 kwa kilomita 8,000 ni 6 kwa kila kilomita 1,000. Hiyo 6 ndiyo namba ya kuandika kwenye daftari na kuilinganisha na ripoti nyingine, siyo 48. Fanya hivyo kwa chuma, alumini, shaba, risasi, bati na kromiamu. Mnato, maji na mafuta havigawanywi.

Hatua ya 5: Soma silikoni kabla ya chuma

Wengi huruka moja kwa moja kwenye chuma. Kwa mikoa yetu ninashauri uanze na silikoni, kwa sababu vumbi huingia kwanza na chuma hufuata. Vumbi la barabara ya kutoka Lodoare kuelekea Naabi, la njia ya Engaruka hadi Ziwa Natron, na hata la mitaa ya Ngaramtoni wakati wa kiangazi, limetokana na mawe na majivu ya volkano. Ni laini kama unga wa sembe ukiligusa, lakini ndani yake mna chembe ngumu zinazokwangua ukuta wa silinda na bleda (mapanga) za kampresa ya turbo.

Vumbi lina silikoni na alumini kwa pamoja. Kwa hiyo, silikoni ikipanda ikifuatwa na alumini, chuma na mara nyingine kromiamu kidogo, basi hewa isiyochujwa inaingia na ringi zinasuguliwa. Silikoni ikipanda peke yake, huku chuma na alumini vikiwa palepale, jiulize kwanza kama kuna fundi aliyefungua sampu au kifuniko cha vali na kuziba kwa silikoni ya tyubu. Silikoni hiyo huvujia ndani ya oili kidogo kidogo kwa mabadilisho kadhaa na haina madhara yoyote.

Nieleze lililonipata mimi. Gari langu ni la petroli, injini ya lita 2.0 yenye turbo, na kwa kawaida lilikuwa likisoma chuma 15, alumini 5 na silikoni 9 kwa kilomita 5,000, yaani chuma 3 kwa kila kilomita 1,000. Mwaka mmoja wa kiangazi kirefu ripoti ilirudi na chuma 46, alumini 14, kromiamu 3 na silikoni 48 kwa kilomita 6,200. Chuma kilikuwa kimefika 7.4 kwa kila kilomita 1,000, zaidi ya mara mbili. Nilifungua kasha la filta nikakuta filta ni mpya na safi, na kwa muda nikadhani maabara imekosea chupa. Baadaye nikalegeza bomba la mpira linalotoka kwenye kasha kwenda kwenye turbo, nikaingiza kidole nilichokifunga kitambaa cheupe. Kilitoka na mstari wa kijivu, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, upande wa chini tu wa bomba. Klampu ilikuwa imefungwa juu ya ukingo wa mpira badala ya nyuma yake, siku ile ile filta ilipobadilishwa gereji. Kwa macho ilionekana imekaza, lakini chini kulikuwa na upenyo ambao hata kucha haikuingia vizuri.

Nilisafisha bomba, nikabadilisha klampu na kumwaga oili. Ripoti iliyofuata, ya kilomita 3,000 tu, ilisoma chuma 16 na silikoni 17, yaani chuma bado ni 5.3 kwa kila kilomita 1,000. Hilo lisikuvunje moyo: oili ya zamani haitoki yote, na chembe zilizobaki huendelea kuonekana kwa badilisho moja zaidi. Ripoti ya baada ya hapo, ya kilomita 5,000, ilirudi chuma 17 na silikoni 11.

Ukikuta dalili kama hizo, kagua kwa mpangilio huu:

1. Kifuniko cha kasha la filta na vibanio vyake vyote.
2. Ukingo wa mpira wa filta yenyewe, hasa kama filta siyo ya kipimo halisi cha gari.
3. Klampu na mikunjo ya bomba lote kati ya filta na turbo. Kunjua kila mkunjo kwa mkono, maana mpira hupasuka ndani ya mkunjo.
4. Bomba dogo la kupumulia injini, mpira wa dipstiki na kifuniko cha kujazia oili.

Kumbuka kwamba kabla ya turbo bomba linanyonya, na baada ya turbo linasukuma. Mpasuko wa kabla ya turbo huingiza vumbi kimyakimya, ilhali mpasuko wa baada yake, kwenye mabomba ya intakula (kipoza hewa ya turbo), hutoa hewa nje ukiwa na sauti, gari hukosa nguvu, na huacha ute wa oili kuzunguka tundu. Silikoni ya juu humaanisha utafute upande wa kunyonya.

Tahadhari: acha kupuliza filta ya hewa kwa upepo mkali wa kampresa. Karatasi yake hupata vitundu usivyoviona, na filta inayoonekana safi inapitisha vumbi kuliko ile chafu uliyoitoa. Kwa wanaopita barabara za vumbi kila wiki, kununua filta mpya mapema ni nafuu kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa katika mwongozo huu.

Hatua ya 6: Soma metali kwa makundi

Metali moja ikipanda peke yake husema kidogo sana. Zikipanda mbili au tatu kwa pamoja, hukuonyesha sehemu.

Chuma hutoka kuta za silinda, krenki, kemshafti na gia, na pia kutu ya gari lililokaa muda mrefu bila kuwashwa. Chuma pamoja na alumini na kromiamu huelekeza kwenye pistoni na ringi. Risasi, bati na shaba zikipanda kwa pamoja huelekeza kwenye beringi za krenki na za koni (mikono inayounganisha pistoni na krenki), na hapo usisubiri ripoti tatu; lakini elewa kwamba beringi za magari mengi mapya ni za alumini na bati bila risasi, kwa hiyo kukosekana kwa risasi hakukuhakikishii usalama.

Shaba na bati bila risasi, tena chuma kikiwa kimesogea kidogo, hunifanya niwaze turbo, kwa kuwa beringi zake nyingi ni za shaba iliyochanganywa na metali nyingine. Katika hali hiyo toa bomba la hewa mbele ya turbo injini ikiwa baridi na imezimwa, shika ncha ya mhimili kwa vidole viwili, na uitikise. Mchezo mdogo sana wa kushoto na kulia ni wa kawaida. Mhimili unaosogea mbele na nyuma, au bleda inayogusa ukuta, unataka fundi wa turbo.

Shaba peke yake, hata ikiwa kubwa, mara nyingi ni kipoza oili kinachoachia shaba yake kwa njia ya kemikali, hasa injini ikiwa changa au baada ya kubadilisha aina ya oili. Ifuatilie, kwa kawaida hushuka yenyewe.

Hatua ya 7: Soma mnato na mafuta kwa pamoja

Oili ya daraja la 30 inapaswa kuwa kati ya 9.3 na 12.5 kwa nyuzi 100, na ya daraja la 40 kati ya 12.5 na 16.3. Namba ya pili kwenye galoni ndiyo daraja lenyewe: 5W-40 ni 40.

Mnato ukishuka chini ya daraja lake, tazama mstari wa mafuta. Chini ya asilimia 2 sioni tatizo. Kati ya 2 na 5 fupisha kipindi cha oili na utafute sababu, na ukifika 5 badilisha oili mara moja, kwa sababu beringi za turbo ndizo za kwanza kuumia oili inapokuwa nyepesi. Sababu ya kwanza ni safari fupi: kumpeleka mtoto shule kilomita 3 asubuhi ya Julai, Arusha ikiwa na baridi yake, injini haipati joto la kuyakausha mafuta yaliyoteremka kwenye sampu. Magari ya petroli yanayopulizia mafuta ndani ya silinda moja kwa moja hupata tatizo hili zaidi. Kwenye dizeli, shuku nozeli inayovuja. Dalili unayoweza kuiona bila maabara ni oili kupanda juu ya alama ya dipstiki badala ya kushuka, ikiwa na harufu ya petroli au dizeli.

Ikiwa mnato umeshuka lakini mafuta hayapo, basi ama oili imekatika nguvu kwa kusagwa, ama si daraja ulilodhani. Mnato ukipanda, sababu huwa ni joto lililoichosha oili, masizi mengi kwenye dizeli, au kuchelewa kumwaga.

Hatua ya 8: Tafuta maji ya rejeta

Maji yakizidi asilimia 0.2, au kulanti (kimiminika cha kupozea injini kinachowekwa kwenye rejeta) yoyote ikionekana, simamisha gari hadi chanzo kijulikane. Kulanti ikiingia kwenye oili, maji yake huweza kukauka kwa joto na kuacha nyuma sodiamu na potasiamu, kwa hiyo hizo mbili zikipanda juu ya oili mpya ni onyo hata kama mstari wa maji ni mtupu.

Kwetu huku kuna mambo mawili ya kuongezea. La kwanza, mawe ya volkano ya kaskazini, kuanzia Meru hadi Ol Doinyo Lengai, yana sodiamu na potasiamu nyingi. Kwa hiyo zikipanda pamoja na silikoni kubwa, shughulikia uingiaji wa vumbi huku ukikagua rejeta, badala ya kukimbilia kufungua silinda hedi. La pili ni zito zaidi: wengi wetu tunaweka maji ya bomba kwenye rejeta. Maji hayo hayana viungo vya kulanti, na yakivuja kidogo kidogo ndani ya injini na kukauka, ripoti inaweza kuonekana safi kabisa. Kama rejeta yako ina maji matupu, usiitegemee ripoti. Weka alama kwenye tangi la akiba na uitazame kila asubuhi injini ikiwa baridi. Afadhali zaidi, weka kulanti halisi, ambayo pia huzuia kutu.

Hatua ya 9: Amua kipindi cha kubadilisha oili

TBN ikishuka hadi nusu ya ile ya oili mpya, panga kumwaga karibuni. Hakikisha tu kwamba namba zote mbili zimepimwa kwa njia moja, D2896 au D4739, kwa sababu ya pili kwa kawaida hutoa namba ndogo kwa oili iliyotumika na utadhani oili imekufa kabla ya wakati. Namba ya uoksidishaji, yaani kuchakaa kwa oili kwa hewa na joto, nayo isomwe kwa kulinganisha na oili mpya, maana baadhi ya oili za sintetiki huanza na namba kubwa.

Usirefushe kipindi kwa ripoti moja nzuri. Subiri ripoti tatu mfululizo zenye kasi inayofanana, kisha ongeza kilomita 1,000 tu na upime tena. Na ukiwa na vumbi, mafuta au maji kwenye oili, suala la TBN halipo. Oili hiyo inamwagwa.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Maabara imeweka alama nyekundu, lakini kasi ya msuguano ni ile ile ya ripoti zilizopita.* Alama hiyo imetokana na wastani wa jumla wa maabara. Amini historia ya gari lako, kisha pima tena kwenye badilisho lijalo.

*Chuma kimepanda mara mbili, silikoni iko chini, na hakuna kingine kilichobadilika.* Angalia kama gari lilikaa wiki nyingi bila kuwashwa, kama oili ilishuka chini ya alama, au kama kilomita zimeandikwa vibaya. Likibaki bila maelezo, mwaga oili, tembea kilomita 2,000, na utume tena.

*Ripoti inaonyesha maji, lakini rejeta haipungui.* Chupa ndiyo ya kwanza kushukiwa. Unaweza kupima mwenyewe kwa kudondosha tone la oili juu ya bati lililopashwa moto sana kuliko maji yanayochemka: oili yenye maji hutoa sauti ya kupasuka na viputo, na isiyo na maji hutandaa kimya. Fanya hivyo nje, ukiwa na miwani, na usichungulie juu ya bati.

*Namba zinapanda na kushuka kila ripoti bila mpango.* Njia yako ya kuchukua sampuli inabadilika. Chagua bolti au pampu, na ubaki na hiyo hiyo.

*Ripoti ni nzuri, lakini turbo inapiga mluzi mpya au gari linatoa moshi wa bluu.* Mashine ya maabara husoma chembe ndogo sana, na kipande kikubwa kinachoonekana kwa macho huipita bila kuhesabiwa. Hapa filta ya oili ndiyo shahidi. Ikate kwa kikata filta, usitumie msumeno wa chuma unaomwaga vumbi lake ndani, kisha kamua karatasi yake na uikunjue juani. Pitisha sumaku juu ya mikunjo: vinavyoshika ni chuma, na vinavyobaki viking'aa kwa rangi ya dhahabu ni shaba ya beringi. Ukikuta vipande hivyo vya dhahabu vya kuhesabika, usiwashe injini tena. Fungua bomba linalopeleka oili kwenye turbo na ukague kama limezibwa na masizi yaliyokauka, kwa sababu turbo mpya ikifungwa juu ya bomba lililoziba itakufa kama ile ya kwanza.